Mbwa Anayejua Kurudi Nyumbani

Haya nilihadithiwa na Nzilani, yule aliyepakana ua na mama aitwaye Kamanthe kule Mumbuni, wiki ya kuvuna mbaazi, sote wawili tumekaa chini tunamenya. Nzilani si mtu wa kuongeza chumvi.

Hapa Machakos mjini palikuwa na mtu anaitwa Mwangangi, ambaye watu walimwita Daktari wa Mbwa. Udaktari wenyewe aliupata pamoja na koti jeupe la mtumba. Alikuwa na mbwa wawili wasiofanana hata kwa kubweka. Jenerali alikuwa Jamani Shepadi, kifua mbele kama chifu siku ya baraza. Pamba alikuwa Maltizi, kijibwa cheupe chenye manyoya marefu, ukikiona kwa mbali unadhani mtu ameangusha kofia.

Hao wawili alikuwa amewauza mara nyingi kuliko mchuuzi anavyouza nyanya. Akishapokea pesa anaenda zake. Giza likianza kuingia, Jenerali anafungua komeo la lango kwa pua, Pamba anapita chini, na kabla ugali haujapoa wako mlangoni kwake nyuma ya soko. Mara moja aliwauza mpaka Matuu. Walifika siku ya pili na mavumbi ya Yatta, naye akawapa pole kama wafanyakazi waliotoka zamu.

"Usimwulize mtu kama anataka mbwa," alizoea kujiambia. "Mwulize anataka yupi."

Basi siku moja, kwenye foleni ya posho mill ya kusaga unga, akamsikia Kamanthe analalamika kwamba kuku wake wanaibwa na hana hata mbwa wa kukohoa. Alilalamika kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayetaka asikike, lakini hilo Mwangangi hakulitilia maanani. Yeye tayari alikuwa anatafuta koti lake.

"Hodi, mwaitu!" akaita langoni kwa Kamanthe, akimwita mama kwa Kikamba, mbwa wote wawili pembeni.

"Karibu, mwana wakwa," akasema Kamanthe, kama anayemwita mwanawe. "Na koti hilo ni la hospitali gani?"

"Ya mbwa, mwaitu. Nimesikia shida yako nikakosa usingizi. Niko na wawili, chagua mwenyewe. Huyu Jenerali hahitaji kuuma. Anamjua mwizi kwa harufu ya moyo. Hajawahi kubwekea mtu mwema, na hajawahi kunyamazia mwizi. Huyu hakosei!"

Nzilani, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, alisikia kila neno.

"Na hiki kingine kinafanya kazi gani?"

"Hicho ni cha kupendwa tu, mwaitu."

"Mimi nilipendwa miaka thelathini, na maji bado niliteka."

Lakini Lavender, mjukuu wake, alikuwa amekwisha kumpakata Pamba na kumpiga picha. "Susu, tuchukue huyu! Yule mkubwa atamaliza unga."

"Na huyu wako atabebwa na mwewe, tubaki tumeshika kamba."

"Mwewe atakula manyoya hayo yote?"

"Yule mkubwa akilala tu mlangoni, mwizi anapita nyumba ya pili."

"Akisimama tu, kuku wenyewe watakufa na woga!"

Mwangangi akakunja mikono kwa heshima, kama mtu aliye kanisani. Nyumba ikigombana juu ya mbwa yupi, mbwa ameshanunuliwa.

Mwishowe Kamanthe akasema, "Hata mume nilimchunguza misimu miwili. Nalipa huyu mdogo leo. Mkubwa abaki nimtazame. Nikimchagua, naongeza pesa yake. Nisipomchagua, utakuja umchukue."

Mwangangi akashika kifua, akaugua, akaapa kwa kaburi la mama yake, ambaye saa hiyo alikuwa Masinga akikaanga samaki. Kisha akakubali. Moyoni alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Njiani alinunua maini, akapika, akaacha mlango wazi. Giza likaingia. Ugali ukapoa. Akaula peke yake, mtu ambaye kwa miaka hajawahi kula bila kutazamwa tonge. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata hakupika kabisa. Akavaa koti akapanda Mumbuni.

Akamkuta Jenerali amelala langoni. Pamba alikuwa anatoka ghalani na panya mdomoni, manyoya yamejaa vumbi la mahindi, amejaa sifa. Mwangangi akapiga ule mluzi wake wa chakula.

Jenerali akainua sikio moja. Akasimama. Halafu akabweka, mbweko wa kutikisa mabati.

Nzilani alitoka na mchi. Majirani wakajaa, wengine wameinama kuokota mawe.

"Ngojeni!" Mwangangi akalia. "Mimi ndiye Daktari! Mbwa naye anaweza kukosea!"

"Aiya!" akasema Nzilani. "Kwani si wewe uliyeuza asiyekosea?"

Kamanthe ndiye aliyemwokoa. "Mwacheni, ni mgeni wangu." Akamvuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwaitu, nirudishie Jenerali," Mwangangi akasema, na safari hii hakushika kifua. "Huyo mdogo kaa naye. Bila yule mkubwa mimi ni koti tu."

"Hataki kutoka."

"Basi nilipe!"

"Nilisema nikimchagua. Sikumchagua, mwana wakwa. Yeye ndiye amenichagua."

"Umewafanya nini?"

"Alivyonifundisha mama mkwe. Unaweka tonge la ugali kwapani tangu asubuhi mpaka likujue, halafu unampa mbwa ale. Baada ya hapo, hata umfukuze haendi." Akageuza sufuria. "Dada yangu wa Matuu alinunua mbwa wawili, wakatoroka usiku ule ule. Akalia sana. Nikamwambia, nyamaza, mbwa anayejua kurudi nyumbani ndiye mbwa. Ni kumwonyesha tu nyumbani ni wapi."

Kamanthe akamwekea Mwangangi ugali na mboga ya sukuma. Akala mpaka akapangusa sahani, akashukuru, akashuka mjini.

Chumba kilikuwa kitupu. Akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena. Jua likizama akajikuta yuko lango la Mumbuni, asijue miguu ilitumwa na nani.

"Mwaitu, hawa mbwa wanahitaji mtu wa kuwachana manyoya."

"Niliona utarudi," Kamanthe akasema, akamtupia gunia. "Lala pale kibandani. Kesho uanze na zizi. Hilo koti litafaa."

Lavender akalala na Pamba miguuni. Kamanthe akazima taa. Jenerali akaja akaweka kichwa juu ya tumbo la Mwangangi, akakoroma.

Mwangangi alibaki macho, akiwaza kwamba ule ugali wa Kamanthe ulikuwa na chumvi kidogo. Na Ukambani nzima, nani hutia ugali chumvi? Akaazimia kuamka amwulize mama, aulizie na kwapa lake, lakini gunia lilikuwa na joto, na usingizi ukamchukua.