Bienvenu Amekataa Kunitukana

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita. Kalembe.
Siku nzuri kuliko zote tangu nichukue ile bafle, spika kubwa ya muziki, kwa deni, dukani kwa Mama Brigitte kule Pinga. Nilitaka kuikodisha kwa maarusi. Ikapasuka kwenye arusi ya kwanza, kabla ya keki. Tangu hapo Mama Brigitte ananitumia Bienvenu na pikipiki yake, aje kudai.
Leo dada Drocella wa tume ya haki ya parokia ametufundisha. Hufungwi kwa sababu tu umeshindwa kulipa deni. Hakuna wa kubeba vitu vyako bila uamuzi wa tribinali, ni kusema mahakama. Mdai akikutukana ao akikutisha, unaweza kumushitaki. Akaendelea, "Lakini deni lenyewe..." Mimi nilishatoka. Ya kutosha!
Mpango: Bienvenu anitukane mbele ya watu. Nimushitaki. Tribinali imulipishe. Bafle imelipwa, na bia juu.

Jumanne, tarehe 4.
Bienvenu amefika saa nne. Nilikuwa nimepanga majirani kwenye benchi kama mashahidi. Nikamwambia sina kitu. Akasema anaelewa, mvua imeharibu maharagi ya wengi. Akauliza mguu wa mke wangu Uwamwezi unaendeleaje. Akaenda. Mashahidi wakadai chai.

Jumatano, tarehe 5.
Kama hatukani, basi abebe. Nimeweka kando ya barabara godoro, redio na mbuzi wa Uwamwezi, yule wa ada ya shule ya watoto. Nikajificha kwenye mihogo, tayari kupiga kelele.
Mvua ikanyesha. Bienvenu akasimamisha pikipiki, akaingiza godoro ndani, kisha redio, kisha mbuzi. Uwamwezi akamupa sahani ya fufu. Mimi nilibaki kwenye mihogo, nimelowa. Kutoka ningejieleza namna gani?
Usiku huu Uwamwezi hasemi na mimi. Ameuliza tu kama ningeuza watoto pia.

Ijumaa, tarehe 7.
Nimeamua kumuchokoza. Sokoni, mbele ya watu wote, nimemwita panya wa Pinga. Nimetukana pikipiki yake. Nimetukana na ukoo wake, hadi shangazi.
Macho yakamulowa. Kumbe shangazi yake amezikwa wiki jana.
Drocella amefika. Amesema, "Papa Straton, haki iko ya wote wawili. Hapa mwenye kutukana ni wewe."
Nimeomba musamaha na kutoa kuku. Kuku mkubwa!

Jumamosi, tarehe 8.
Uwamwezi ameketi na Bienvenu, Drocella katikati. Wamepatana: tutalipa kidogo sasa, kisha kidogo kidogo kila mavuno, na kila malipo yapate risiti. Bienvenu amekubali mara moja. Anasema angekubali toka mwanzo, hakuna aliyemuuliza. Uwamwezi amenitazama muda mrefu.

Jumatatu, tarehe 10. Pinga.
Uwamwezi amenituma kupeleka malipo ya kwanza. Nimelipa. Risiti iko mfukoni.
Duka la pili, mlango wa jirani, nimeona friji kubwa ya kugandisha samaki. Mwenye duka anakubali deni, nimeichukua. Kalembe haina umeme, hilo tutalitazama mbele. Muntu mwenye kujua haki zake aogope nini?
Bienvenu ndiye ameifunga nyuma ya pikipiki yake. Kumbe duka hili pia linamutuma kudai. Ameniuliza kwa upole siku gani ninapatikana nyumbani.
Muntu wa heshima sana.