Fundi wa Oili wa Nyamisangura

Gidion hakuwahi kufungua hata nati ya baiskeli, lakini tangu ahamie Nyamisangura kutoka Sirari, watu walimwita fundi, tena fundi wa kutegemewa. Kazi yake ilikuwa kuzuia oili inayovuja. Alfajiri, wenye magari wakiwa bado wanakoroma, alipenya kwenye ua wa mtu, akamwaga oili chafu kidogo chini ya gari, akaenda zake kunywa chai. Jua likishapanda alirudi kwa pikipiki yake, amevaa ovaroli, akapiga hodi kwa sauti ya huruma kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba.

Na watu, Mungu awahurumie, walimwamini. Ester, jirani mwenye duka la vipodozi kule Bomani, alimlipa bila hata kupunguziwa bei. Gidion aliingia chini ya gari lake, akagongagonga chuma kwa spana, akafuta doa, akatoka anahema. Kesho yake hakumwaga tena, gari likapona! Ester akamsifu kwa kila mteja aliyekuja kununua losheni.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya pikapu ya Mogesi, mjane aliyekuwa akifanya biashara ya mahindi. Pikapu ilikaa uani inang'aa, imeoshwa, haina safari. Gari zuri, mwenyewe mama wa watu asiyejua kitu: Gidion aliona ameandaliwa meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Karibu."

"Sikuja kukaa. Nimepita tu njiani nikaona pikapu yako inavuja oili. Hebu tazama."

Mogesi akainama. Akalitazama doa, akamtazama kijana, akarudi kwenye doa.

"Uuuwi," akasema taratibu. "Inatoka wapi?"

Gidion akachovya kidole, akanusa, akafumba macho. "Sili ya nyuma. Na gasketi nayo imeanza kuchoka."

"Mimi nilisikia ukitaka kujua panapovuja, unaifuta injini ikauke, unatandika boksi chini, kisha unafuata alama kuanzia juu, maana oili hushuka, haipandi. Tufungue boneti?"

"Hapana!" Gidion aliruka. Ndani ya boneti kulikuwa na vitu asivyovijua hata majina. "Injini iliyoharibika hivi haifunguliwi ovyo, mama. Itaingia upepo."

"Upepo," Mogesi akarudia kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi wa sakramenti. Kisha akashusha pumzi. "Basi mimi nimechoka na hili gari. Betri lenyewe nilishampa kaka yangu. Ningepata mtu ningemuuzia. Lakini nani atataka injini mbovu?"

Hapo tamaa ikampanda Gidion hadi masikioni. Doa alilimwaga mwenyewe. Kwa hiyo, katika Tarime nzima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba injini ile ni nzima! Huyu mama anataka kulitupa gari zima kwa ajili ya kijiko cha oili?

"Nitakusaidia tu, mama," akasema kwa uchungu mkubwa. "Chukua pikipiki yangu, nami nibebe mzigo huu."

"Na sanduku lako la spana."

"Na spana," akakubali. Hakuwa na kazi nazo.

Mogesi akasisitiza waende kwa mzee Simoni, mjumbe wa mtaa, wakabadilishane mbele ya shahidi. "Mzee, mimi sina utaalamu," akasema. "Huyu fundi amekagua mwenyewe. Aeleze hali ya gari."

Gidion, akiogopa mjane asije akadai nyongeza, akaeleza kwa moyo wote. "Injini imekufa, mzee. Inavuja kila upande. Nalichukua hivyo hivyo lilivyo."

Simoni akakohoa sana, kama aliyepaliwa na ugoro, akatikisa kichwa kukubali.

Gidion akaazima betri, akarudi uani akipiga mluzi. Akafungua boneti kwa mara ya kwanza ili afunge betri. Alipoinamia ndani, kuku akamdonoa mkono. Alikuwa ameatamia mayai yake kwa raha zote, mahali ambapo magari mengine huwa na injini.

Akakimbia kwa mjumbe akipiga kelele. "Nimeibiwa! Gari halina injini!"

Majirani wakajaa, Ester akiwa mbele kabisa. Mogesi akaja kwa mwendo wa pole.

"Ni kweli halina," akasema. "Niliing'oa, inasaga mahindi Kenyamonta. Mtaa mzima unajua."

Simoni akamgeukia Gidion. "Sasa, kijana. Ulisema mbele yangu kwamba injini inavuja. Hiyo oili uliyoiona ilitoka wapi?"

Gidion akawatupia jicho majirani. Ester alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. Na uso wake ulianza kubadilika. Wengine wawili watatu waliowahi kutibiwa sili nao wakaanza kutazamana. Jibu la kweli lingemponza pale pale, na watu wa Tarime hawajulikani kwa subira.

"Pengine, mzee," akasema kwa sauti ndogo, "pengine ilivuja yote."

"Injini?"

"Ndiyo, mzee. Yote."

Kicheko kilipasuka hadi barabarani. Mogesi peke yake hakucheka.

"Pole, mura," akasema. "Lakini gari ni lako sasa, lisilale uani kwangu. Na unapolisukuma, usukume taratibu. Kuku hakuwemo kwenye mapatano."