Nani Anagusa Makopo Yangu

Jumapili, 5 Mei
Dungusi la fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, limeanguka kibarazani na kuvunjika. Lile kubwa lenye miiba, lililokuwa limefika dirishani. Fundi kasikitika kidogo, kisha akatugawia vipande tukapande: vitatu vyangu, vitatu vya shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kututembelea kwa wiki moja, mwaka jana. Analala kwenye kile chumba changu kidogo, mahali pekee katika nyumba hii ambapo mtu angeweza kufunga mlango akafikiri. Sasa mimi nafikiria jikoni, juu ya stuli.

Mchana likanijia wazo. Tushindane. Ambaye vipande vyake vitatia mizizi, chumba chake. Nikishinda, anahama. Nikishindwa, sitakitaja chumba hicho tena maisha yangu yote. Fundi ndiye mwamuzi, atakuja Jumapili ya pili ya Juni. Shemeji kasema sawa, papo hapo. Mtu anayekubali haraka hivyo ana lake jambo.

Jumatatu, 6 Mei
Nimeleta makopo matupu ya rangi kutoka stoo ninakofanya kazi. Yote sawa. Udongo mmoja, nimeuchanganya mwenyewe. Mtunza stoo hujihami mapema. Yangu nimeyapanga kushoto mwa dirisha la sebuleni, yake kulia.

Nimepanda leo leo, vipande vikiwa bado vinatoka maji pale vilipokatika, nikavinywesha hadi maji yakatokea chini. Shemeji hakupanda. Kavilaza vyake juu ya gazeti, eti kidonda kikauke kwanza, la sivyo vitaoza. Nikamuuliza kasomea wapi. Akasema fundi alituambia sote, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikumbuki. Labda walisemezana kwa macho.

Jumamosi, 11 Mei
Vyake bado viko juu ya gazeti. Uvivu, au anataka nilegee. Mimi silegei. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nachomoa vipande vyangu kimoja kimoja, natazama kama kuna mizizi, narudisha, namwagilia. Bado.

Ila leo nimegundua jambo. Udongo kwenye makopo yangu umelegea kabisa, kama vile kuna mtu anavichomoa vipande. Nikamuuliza mke wangu kama kamwona mtu pale dirishani. Akasema kaniona mimi. Jibu fupi namna hiyo lina kitu nyuma yake.

Jumatano, 15 Mei
Shemeji hatimaye kapanda. Hata tone la maji hakutia. Nilitaka kumwonea huruma, nikajishtukia. Huruma ndiyo anayoitafuta.

Nimetega mtego. Ile miiba midogo ya dungusi, laini kama vinyweleo, haitoki kidoleni upesi. Anayegusa makopo yangu lazima awe nayo. Wakati wa chakula nikampa kila mtu mkono, nikasema tu nimefurahi kuwaona. Mke wangu, vidole safi. Shemeji, safi. Halafu yeye akasema kiganja changu kinachoma, akaleta kibano, akakaa ananitoa miiba mpaka chakula kikapoa. Huyu ni mtu hatari. Amepanga mambo mpaka ushahidi wote ukaonekana uko kwangu.

Jumapili, 26 Mei
Kimoja kimeoza chini. Uji mweusi, na harufu ambayo siwezi kuiandika. Juu bado ni kijani, kwa hiyo nimekirudisha na kukaa kimya.

Ni sumu, sina shaka. Nimeonja maji ya ndoo ninayomwagilia. Yana ladha ya maji, lakini mtu mjanja hawezi kutumia sumu yenye ladha. Nimeongeza maji maradufu ili kuisuuza.

Jumamosi, 8 Juni
Kwa juu huwezi kuvitofautisha, vyake na vyangu, kijani kwa kijani. Nikakivuta kimoja changu kwa ncha ya kidole. Kikaja chote. Nikakivuta cha shemeji, kikagoma. Kina mizizi. Nimekosa raha tangu hapo. Kesho fundi atakuja kuvuta, na mimi nitazeekea juu ya stuli.

Mke wangu kaniuliza vipande vyangu vinaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Akanitazama kwa muda mrefu, mrefu kupita kiasi.

Sikumwambia mpango wangu. Yeye ni dada wa shemeji. Kesho shemeji akiingia kuoga nabadilisha makopo. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Kazi ya dakika moja.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaingia bafuni akiimba. Nikafunga pazia, nikahamisha makopo, macho yangu hayabanduki kwenye mlango wa bafu. Nikarudi kwenye kochi, roho kwatu.

Fundi akaja. Akaanza na vyangu. Cha kwanza kikatoka na harufu yake. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hakutaka hata kukigusa, akaomba sabuni. Kisha akavuta cha shemeji, kikanyanyuka na kopo lake zima.

Sikuelewa. Fundi alipoondoka, mke wangu akanivutia jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefanya nini. Akasema alfajiri, mimi nikikoroma, aliyabadilisha makopo kwa mikono yake, yale ya mdogo wake akayaweka upande wangu. Amechoka na viatu vya yule kijana mlangoni, amechoka kunikuta nimejikunyata juu ya stuli. Alitaka nishinde tu. Machozi yakamtoka. Na mimi yalinitoka, nilipompa mgongo. Nilikuwa nimeshinda nikiwa usingizini.

Jumatatu, 10 Juni
Shemeji kapigilia misumari ukutani chumbani mle, ya kutundikia makoti. Ana makoti mengi kuliko nilivyodhani.

Jioni kaniletea kopo moja, lenye dungusi lake zuri kuliko yote. Kasema ni zawadi, shemeji yangu, tusiwekeane kinyongo. Halihitaji chochote, niliache tu lilivyo.

Aliyeshinda anatoa zawadi ya nini? Na kwa nini anasisitiza nisiliguse? Nikangoja atoke, nikalichomoa nione kafukia nini chini yake. Hakuna kitu. Mizizi tu, myeupe, mingi, mingine imekatikia udongoni. Nimelirudisha, nikalinywesha hadi maji yakatokea chini. Kesho asubuhi nitaangalia tena.