Futi Yangu Iko Jeshini

Jumatatu, Machi 3
Zimebaki wiki tatu binti yangu atimize miaka ishirini na tano. Yuko ng'ambo na walinda amani, analala kwenye hema. Mwaka jana nilimtumia sabuni ya unga ikapasuka njiani. Akapokea soksi zenye povu! Kifurushi cha Shangazi yake kilifika salama. Huyo ni dada yangu, duka lake la vipodozi linatazamana na langu, na hajanyamaza hadi leo. Mwaka huu hanipati. Mimi ni fundi cherehani. Kifurushi changu nitakishona!

Jumanne, Machi 4
Nimekwenda posta. Karani mwenye miwani anasema vifurushi vya wanajeshi huondoka Ijumaa kwa ndege ya jeshi, na urefu usizidi mita moja. Nikamuuliza kama huwa wanavirusharusha. Akasema wanavibeba kama mayai. Simwamini. Nina mpango: mifuko miwili, mapacha kabisa. Mmoja wa binti. Wa pili najitumia mwenyewe kwanza, nione utanifikia ukiwa na hali gani.

Jumatano, Machi 5
Nimetarizi anwani kwa uzi mwekundu, mifuko ikiwa mitupu, maana ikishajaa haipiti kwenye mashine. Mmoja una jina la binti na namba ya kikosi. Mwingine una jina langu na la duka. Mke wangu anasema kalamu ingetosha. Kazi yenyewe haijui.

Alhamisi, Machi 6
Vya binti viko mezani: gauni la maua, biskuti pakiti nne, soksi, picha ya mama yake akicheka. Vya majaribio ni vipande vya vitambaa nilivyozoa sakafuni na aproni yangu kuukuu. Mara Shangazi akaingia kunitangazia kwamba kifurushi chake kimeshapokelewa posta. Roho ikaniuma! Nikajaza harakaharaka, nikashona, nikakimbia na yote miwili. Majaribio na safari siku moja. Huko ni kuokoa muda. Karani amesema hajawahi kuona anwani nzuri vile. Nimetoka kifua mbele.

Jumamosi, Machi 8
Futi yangu ya kupimia haionekani! Ile ya manjano, niliyoanzia kazi. Nimemwambia Shangazi airudishe. Ameapa hajaigusa. Ameapa upesi mno. Leo nimempima mwalimu mkuu kiuno kwa kamba za viatu. Mbili, nimeziunga. Hakufurahi.

Jumatano, Machi 12
Mfuko wa majaribio umefika! Hakuna hata uzi uliofumuka. Nimemwita Shangazi, nikaufungua mbele yake ili ajifunze. Biskuti zote nzima! Nikawa namwonyesha mojamoja. Mke wangu akauliza, kwa upole, biskuti zimefikaje humu.
Nikakaa chini.

Alhamisi, Machi 13
Mbio hadi posta. Karani anasema ndege iliondoka Ijumaa. Nikamwomba aipigie simu irudi. Akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena. Basi. Mtoto wangu wa pekee, mbali kote kule, siku yake inakaribia, na baba yake kamtumia takataka za sakafuni. Nimelia kidogo. Shangazi hakunicheka, kaniletea chai. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Jumatatu, Machi 24
Leo ndiyo siku. Simu imelia, nikainama nyuma ya cherehani. Mke wangu akaniwekea sikioni. Binti analia! Nikaanza kuomba radhi, akaniambia, baba, hebu nyamaza kwanza. Anasema aproni inanukia mafuta ya cherehani na ameilalia tangu ilipofika. Anasema kwenye mfuko wa aproni amekuta futi ya manjano.
Kila siku yake ya kuzaliwa nilikuwa namsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa duka, nampima kwa futi hiyo, nachora alama. Leo amewaomba wenzake wampime kwenye nguzo ya hema. Hajaongezeka hata kidogo. Kisha kikosi kizima kikapanga foleni kupimwa, hadi kamanda! Akaniuliza, baba, ulijuaje kwamba ndicho nilichokuwa nakitaka? Nikamjibu kwamba baba anajua. Mke wangu akakohoa. Nampenda mno mtoto huyu. Nimemwambia hivyo, kwa sauti, wateja wakisikia.
Kifurushi cha Shangazi nacho kimefika. Ameshukuru tu.

Jumanne, Machi 25
Kumbe nina kipaji. Nimemweleza Shangazi kwamba yote ilikuwa mipango yangu, na kuhusu futi nimemsamehe. Ameondoka bila kuaga.
Asubuhi hii nimeukata mwimo wa mlango, kile kipande chenye alama zake zote, kuanzia miaka miwili hadi kumi na minane. Nimekipima kwa kamba za viatu: hakifiki mita moja. Atafurahi sana! Mlango umeanguka. Mke wangu ameuegemeza kwa cherehani. Ijumaa kipande kinapanda ndege. Nashona mifuko miwili, mmoja ni wa majaribio, nimeujazia kuni. Safari hii pia nimeanza kwa kutarizi anwani, ili nisikosee.