Mikebe Miwili Myeusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepona! Ngozi laini kama sabuni iliyolowa. Viwiko safi, magoti safi, kichwa safi. Ningekuwa kijana ningevua shati nikapita nalo begani mpaka sokoni.

Haya, si kweli. Kilichopona ni kiwiko kimoja, cha kushoto, tena upande usioonekana. Kwingine ni mabaka yale yale, mekundu chini, magamba meupe juu. Nikiinuka kitini naacha unga. Bibi yangu anafagia akiguna. Anasema aliolewa na fundi viatu, hakuambiwa kuna na mashine ya kusaga.

Daktari wa ngozi ni binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Nilimwomba alirudie jina hilo mara tatu, nikaliandika kiganjani. Akasema hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza, ila hutulizwa ukatulia. Akanipa mafuta meupe ya kupaka nikitoka kuoga, na kichupa cha dawa nyeusi ya lami, nipake kidogo, mara moja kwa siku. Nisijikune. Nisibandue magamba. Nikamwitikia ndiyo binti yangu, huku najikuna chini ya meza yake.

Sasa balaa. Jumapili mwanangu na mkewe wanatuletea mjukuu wetu wa kwanza, msichana, wiki ya sita leo, mimi sijamwona. Mkwe alipiga simu. Nilikuwa nyuma ya pazia natafuta kiatu. (Hakukuwa na kiatu.) Nikamsikia bibi yangu akijibu, "Sawa, mwanangu. Babu hatambeba."

Nikabaki pale, pazia usoni. Hatambeba! Miaka sitini na minane nimengoja kuitwa babu.

Ninazo siku sita. Nitapona kwa nguvu.

Jumanne, 5 Machi

Daktari alisema mara moja. Nimepaka mara tano. Hesabu naijua. Bibi yangu anasema nyumba inanuka kama barabara iliyomwagwa lami sasa hivi, anangoja tu magari yaanze kupita.

Jambo la ajabu. Dawa inapungua kuliko ninavyopaka! Kichupa nakiacha kwenye meza yangu ya kazi, barazani. Leo nimekuta shimo la kidole ndani yake, na kidole si changu. Changu kilishapondwa na nyundo, ni bapa.

Namshuku Kinyozi. Tunagawana baraza moja, yeye na kiti chake, mimi na nyundo zangu, mwaka wa kumi na tisa huu. Hujikuna miundi akidhani sioni. Tena anaichungulia shajara hii. Juzi aliniuliza jino langu linaendeleaje. Habari za jino niliziandika humu tu.

Nimeihamisha dawa. Imo kwenye mkebe mtupu wa rangi ya viatu. Rangi nyeusi, dawa nyeusi, nani atajua? Akili kama hii ingesomeshwa ingefika mbali. Niliishia darasa la nne. Mwalimu ndiye aliyechoka.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi mwanangu alipita kunijulia hali, na ile kofia yake ya sufi asiyoivua hata jua likiwa utosini. Nikaenda msalani. Niliporudi alishaondoka. Vijana wa siku hizi na haraka zao. Baadaye Kinyozi akaja kuazima brashi. Nikafungua mkebe: kidole tena! Basi ni Kinyozi, hakuna cha kujadili.

Nimemtega. Nina mikebe miwili. Mmoja nimeukwaruza alama moja kwenye kifuniko, mwingine alama mbili. Naandika hapa kwa kumbukumbu: DAWA imo kwenye alama moja. RANGI YA VIATU imo kwenye alama mbili. Shajara yangu haisemi uongo.

Ha!

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wa shule ameleta viatu vyake vyeusi ving'arishwe, anakwenda mkutanoni. Nikashika mikebe. Upi ni upi? Nimesahau! Nikatoa jasho. Bahati nzuri niliandika. Nikafungua shajara, nikasoma: rangi ni alama mbili. Nikavipaka viatu, nikavipiga brashi mpaka bega likalia. Havikung'aa sana. Nikamwambia mkuu ni mtindo mpya, wa watu wenye heshima zao.

Kisha nikajipaka dawa ya alama moja. Viwiko, magoti, mabaka yote. Ikachoma! Machozi yakanitoka. Nikajua sasa inafanya kazi. Kinyozi alipita akanitazama, akasema viwiko vyangu vinametameta, angeweza kumnyoa mteja mbele yavyo bila kioo. Wivu tu.

Asubuhi hiyo mwanangu alikuwa amepita tena. Kofia ile ile.

Ijumaa, 8 Machi

Sielewi.

Mkuu wa shule amerudi na viatu mkononi, kavaa kandambili. Anasema vumbi la mji mzima limekwama juu yake. Kwenye mkutano watu walikuwa wakinusa, mmoja akatoka nje kutazama kama barabara inatengenezwa. Nikamwambia rangi ya kiwandani imeharibika siku hizi. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama anayemwangalia mwanafunzi aliyesema mbuzi amekula daftari.

Na ngozi yangu! Mabaka yamevimba, yamepasuka. Mchana shati liliganda kwenye kiwiko, na damu. Sikuweza kukunja mkono hata kushika nyundo. Sikumwambia mtu. Bibi yangu akaona jinsi ninavyokaa, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Akalilowesha lile shati, akalibandua kidogo kidogo, kama anayefungua barua ya mtu mwingine. Akanikausha kwa kugusagusa. Akanipaka yale mafuta meupe ambayo mimi sijayafungua tangu Jumatatu. Hakuguna hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini nikapoa. Kwa mara ya kwanza wiki hii, nikapoa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekumbuka! Nilikuwa msalani, ndiko akili yangu hufanyia kazi.

Jumatano niliandika KINYUME. Makusudi! Ili Kinyozi asome, achukue alama moja, ajipake rangi ya viatu miundini, nimkamate. Halafu nikaja kuisoma mwenyewe nikajiamini. Nimejipaka rangi ya viatu. Viatu vya mkuu wa shule nimevitibu soriasisi.

Au sivyo? Niliandika kinyume, ndiyo. Lakini je, baadaye sikuibadilisha mikebe ili kinyume kiwe sawa? Nakumbuka kama niliibadilisha. Nakumbuka pia kama nilibadilisha mawazo. Nimeinusa yote miwili. Inanuka lami. Lakini hata mto wangu unanuka lami. Nimemwita bibi yangu anuse. Akasema kinachonuka ni mimi.

Kesho mtoto anakuja. Mimi nina viwiko vya buti.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja. Niliketi kona ya mbali na shati la mikono mirefu, vifungo vyote mpaka kooni, jua linawaka. Kinyozi naye yupo, kajialika. Nilichungulia miundi yake alipokunja nne. Safi! Michubuko ya kujikuna tu, weusi hakuna. Nikachanganyikiwa upya.

Ndipo mwanangu akaingia. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Chini ya kofia, masikio mawili meusi, yanang'aa kama viatu vya arusi.

Mimi ndiye fundi. Rangi yangu naijua hata ikiwa kwenye sikio.

"Vua kofia," nikamwambia.

Akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kwamba avue. Akavua. Kichwani mabaka yale yale, magamba yale yale, yamepakwa rangi yangu ya viatu, mekundu kingoni. Mimi mtupu! Ndio urithi pekee niliompa kijana huyu, na nilikuwa sijui kama ameshaupokea.

Akasema ulianza mwaka aliooa. Aliona haya kwenda kwa daktari, aliona haya kuniambia. Alikuwa akipita asubuhi, akisoma shajara ajue dawa iko wapi.

"Baba, ile ya alama moja inachoma sana," akasema.

"Najua, mwanangu," nikamjibu. "Na mimi imenichoma."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi yangu akaenda kuleta beseni.

Nikamgeukia mkwe wangu. Nikamwambia nimeelewa, mtoto asiniguse, mimi nitamtazama kwa mbali, hata kwa mbali nitaridhika. Mkwe akashangaa. Akasema habari hizo kazitoa nani? Nikataja simu. Pazia sikulitaja.

"Babu, ngozi hiyo naishi nayo nyumbani mwaka wa tatu," akasema. "Nilisema usimbebe ukitoka kwenye gundi. Gundi yako inamkohoza mtu mzima. Leo umeshika gundi?"

Sikuwa nimeshika.

Akaniwekea mtoto mapajani. Mwepesi kuliko kiatu cha kushoto. Akalishika shati langu pale kwenye kiwiko, pale penye kuuma, akalibana kwa vidole vyote, akalala. Kiliuma kwelikweli. Sikujitikisa. Nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Walipomchukua, kwenye kiganja chake kulikuwa na alama nyeusi. Mkwe akaifuta kwa ncha ya kanga.

Jumatatu, 11 Machi

Tumekwenda kwa daktari, baba na mwana. Amemtazama yeye, akanitazama mimi, akavua miwani akaifuta. Ametupa kila mtu kichupa chake. Ameagiza dawa ikae kwenye chupa yake, yenye jina lake. Ipakwe kidogo, mara moja. Mafuta meupe kila tukioga. Mikebe itupwe. Nikaitikia ndiyo binti yangu.

Nimefika nyumbani, nimehamisha dawa kwenye kopo moja kati ya yale mawili ya majani ya chai. Majani nimeyatia kwenye kichupa. Hapo mwizi hana la kufanya. Ninapaka mara nne tu, nimepunguza.

Kinyozi, najua unasoma. Leo umeniuliza kama mtoto ni mwepesi kuliko kiatu, usijidai. Kukushuku nilikosea, nitaomba radhi siku nyingine. Lakini ule mkanda wako wa kunolea wembe uliokatika mwaka jana, nani aliushona? Basi njoo unipake mgongoni, pale katikati, mkono wangu haufiki na bibi yangu hasemi nami kwa sababu ya chai. Dawa imo kwenye kopo la kulia. Au la kushoto.

Nusa kwanza.