Kalinzi ya Kuku, Kilburn

Jumanne, 1 Mei 2001

Miaka ishirini na mitatu tangu nitoke Bukavu. Kilburn, Uingereza, manyunyu. Njoroge amevuka mpaka!

Nieleze kwa utaratibu, hasira huharibu mwandiko. Nyuma ya jengo letu kuna kipande cha udongo kisicho na mwenyewe. Wa kwanza kukilima ni mimi: lengalenga, yaani mchicha, na maharage. Ndio udongo pekee nilioushika tangu niache shamba la baba kule Walungu. Leo asubuhi nakuta uzi wangu wa mpaka umesogezwa, na upande wangu sukuma wiki zimesimama kama askari. Za Njoroge, dereva wa basi mstaafu wa ghorofa ya pili. Nikamuuliza. Akasema, "Mzee Déo, shamba ni la anayeamka mapema." Anayeamka mapema! Mtu aliyelala mchana maisha yake yote!

Mkutano wa wapangaji utaamua Jumapili nani abaki na kipande. Agathe, mke wangu, anasema sisi ni vizee viwili tunaogombea mahali ambapo paka angeparuka bila kukunja miguu. Hajui asemalo. Mboga tunanunua Peckham. Kuiona ikiota, hilo haliuzwi.

Alhamisi, 3 Mei

Maktaba, mchana kutwa. Kitabu juu ya wakulima wa Uingereza wa miaka mia saba iliyopita. Nilidhani walikuwa wakilia tu matopeni. Kumbe walipenda kesi kuliko chakula! Walishtakiana mbele ya baraza la bwana mwenye ardhi kwa bata aliyeingia ngano ya jirani, kwa jembe lililomega mtaro wa mwenzake. Kijiji kizima cha akina Njoroge! Na aliyetaka shamba lake litambuliwe alifanyaje? Alimtolea bwana ada ya kuingilia, na kila mwaka kuku. Majirani wakishuhudia, basi, limekwisha.

Nikacheka peke yangu hadi mkutubi akakohoa. Si kalinzi hiyo? Kwetu Washi, kule Bushi, ukitaka shamba unampa mwami, mtawala wetu, mbuzi au ng'ombe, na baada ya hapo hakuna wa kukung'oa. Waingereza walikuwa Washi, wakasahau!

Mpango: mwenyekiti wa wapangaji ni Mama Daksha wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinanishinda. Nitampa kalinzi kabla ya mkutano. Njoroge kwisha.

Jumamosi, 5 Mei

Telesphor, Mshi mwenzangu, ana rafiki Croydon anayefuga kuku uani. Nimerudi kwa treni na jike mwekundu ndani ya mfuko wa michezo, kichwa nje. Bibi mmoja akauliza kama ni kasuku. Nikasema ndiyo. Akaomba asikie neno. Kuku akafanya jambo lingine.

Nikagonga kwa Mama Daksha, nikapiga goti kidogo (magoti yangu hayana zaidi), nikamkabidhi. Akapiga kelele. Mama huyu hali nyama! Hata yai! Krismasi zote hizi nakula sambusa zake za viazi, na sikuwahi kujiuliza. Lakini amepokea kwa mikono miwili. Kupokea ni kupokea.

Jumapili, 6 Mei

Baraza! Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi. Njoroge akalalamika kwamba nimemhonga hakimu. Nikasimama, nikasema hii si hongo, ni mila, na shahidi wangu ataieleza. Telesphor, aliyevaa tai, akaeleza. Akaeleza vizuri mno.

Njoroge akainua mkono, mpole kama padri. Akauliza kabla ya kuku huyu shamba lilikuwa la nani. Telesphor akasema la yeyote aliyelilima. Na sasa? Telesphor akanitazama, akalegeza tai. Akasema anayepokea kalinzi ndiye mwenye ardhi. Anayetoa amekiri mbele ya watu kuwa yeye ni mtu wa huyo mwami, na mwami akimwita kulima, anakuja.

Halafu jengo zima likaangua kicheko. Aliyeanza ni Agathe!

Mama Daksha akasema, "Haya basi, nimekuwa mwami na sikuomba." Hukumu: atapanda uwatu na dhania. Njoroge apewe pembe moja, kwa kuwa amejitolea kujenga banda la kuku. Mimi nilime. Akaniambia, "Usinune, mzee wangu. Jembe si unalipenda?"

Jumanne, 8 Mei

Nimelima. Njoroge kanisalimu kutoka dirishani: "Hujambo, raia mwema!" Kuku, ambaye sasa anaitwa Malkia, amekula maharage yangu yote yaliyochipuka. Nikamshtaki kwa mwenyewe. Mama Daksha akasema kuku hajui mipaka, hata wazee imewashinda. Akaniletea chai ya tangawizi.

Udongo ulikuwa na unyevu. Ulinukia kama Walungu baada ya mvua ya kwanza. Nilisimama kidogo. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 12 Mei

Nimemaliza kitabu. Niliishia katikati, ndilo kosa langu pekee! Sura ya mwisho inasema mkulima aliyemtoroka bwana wake, akakaa mjini mwaka mmoja na siku moja, alikuwa huru. Hakuna wa kumrudisha. Nikafunga begi. Niko Peckham kwa mpwa wangu Laurette, juu ya kochi.

Agathe hakuja. Alisimama mlangoni akauliza kama Kilburn si mji. Swali la mtu asiyesoma. Akaongeza kwamba dawa yangu ya presha iko mfuko wa pembeni.

Chini ya dirisha la Laurette kuna kipande cha nyasi, jua tele, hakijaguswa. Laurette anasema, "Ni cha wote, mjomba, tafadhali usianze." Msimamizi wa jengo ni Bwana Zulfikar, mtu mtulivu. Nimeshamnunulia samaki, mkubwa. Nitampa kesho, majirani wakiona.

Jioni Mama Daksha alipiga simu. Uwatu umeanza kuchomoza, unataka maji, na Njoroge anamwagilia vibaya. Nilimjibu kwa heshima zote. Kilburn sirudi.