Pingamizi la Mstari wa Mlangoni

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Kiingereza,

Pokea salamu na heshima. Mimi ni mpiga chapa wako, yule wa chumba cha karibu na stoo ya chaki. Nasikia Mwalimu anastaafu Ijumaa, na kamati imeamua mstari wa shairi lake uchongwe juu ya mlango wa maktaba: “Naacha mlango wazi, neno lisibishe hodi.” Napinga. Sababu ninazo nyingi, nimezipunguza kwa kukuonea huruma.

1. Mwalimu aliajiriwa kufundisha Kiingereza. Kwa miaka ishirini na sita amefundisha asubuhi, na mchana akatunga mashairi ya Kiswahili nyuma ya karatasi za mitihani. Mwanafunzi mmoja alirudishiwa insha yenye alama arobaini mbele na beti sita za mapenzi nyuma. Akakata rufaa. Alama mwanafunzi huyo alikubali kuzirudisha, beti akakataa kuzitoa.

2. Vitabu vyake vyote vinne nimevipiga chapa mimi. Amevitabaruku kwa mama yake, mkewe, mvua, na paka wa jirani. Paka huyo hajawahi kubadilisha utepe wa mashine ya taipu.

3. Ushairi unaambukiza. Mlinzi wa getini sasa anajaza daftari la wageni kwa vina, na mwezi uliopita alimzuia mgeni rasmi kwa kuwa jina lake lilizidi mizani.

4. Mkiuchonga, wanafunzi watasimama kuusoma, mlango utaziba, watachelewa, watafeli, idara itafungwa. Tutakwenda wapi, ndugu yangu, kwa umri huu?

Napendekeza pachongwe “Funga mlango taratibu”. Maneno hayo yanatosha.

Nisalimie kamati nzima, mama wa chai, na mlinzi pia, ila kwa kifupi, asije akajibu.

Wako mtiifu kazini,
Mpiga chapa

Tanbihi: Mstari huo niliutunga mimi. Chai ilimwagikia muswada, mwandiko ukafutika, na nilikwisha kumuuliza mara mbili siku ile, nikaona haya kurudi tena. Nikajaza mwenyewe. Mwalimu alipousoma aliuwekea kidole, akasema, “Hapa usiguse kitu.” Mpaka leo sijui kama alijua, na akishaondoka sitakuwa na wa kumuuliza. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika. Basi uchongeni, kwa herufi kubwa, tena kabla ya Ijumaa. Nataka nimtazame usoni akiusoma.